Kununua baiskeli ya umeme au kuigeuza uliyonayo: nilivyoona kwa yangu na ya kaka

Katika familia yetu kuna baiskeli mbili za umeme. Ya kaka yangu ilitoka dukani ikiwa kamili, ndani ya boksi, na chaja yake na waranti ya mwaka. Yangu ilikuwa baiskeli ya kawaida tu, mtumba wa Japani wenye kikapu mbele, ambao fundi mmoja mzee wa Manzese aliutia mota. Wote wawili tunakaa Kimara, Dar es Salaam, riziki zetu ziko mjini, na njia yetu ni ileile, Barabara ya Morogoro. Tumeshabadilishana mara nyingi, yeye akachukua yangu mimi nikachukua yake. Kwa hiyo mtu akinisimamisha kuniuliza ipi bora, namwambia niliyoyaona, na huwa siwezi kumaliza kwa sentensi moja.

Anayeijua njia hii ataelewa kwa nini tulifikia huko. Asubuhi ni starehe. Unaachia mteremko mpaka Ubungo, unanyoosha Manzese na Magomeni, unakata bonde la Jangwani, umeshafika Kariakoo. Ni kama kilomita 15. Kazi ni jioni: ukishapita Ubungo mlima unaanza, na vituo vya mabasi ya mwendokasi vinageuka vipimo vya pumzi yako. Kibo, Kona, Baruti, Bucha, Korogwe. Mimi nauza vifaa vya ushonaji, zipu, vifungo, lastiki, uzi, na nashinda nimesimama. Kuupanda mlima ule kwa miguu iliyosimama tangu asubuhi ndiko kulikonifanya niiache baiskeli nyumbani kwa muda mrefu, ingawa njia ya baiskeli ipo pembeni ya barabara tangu mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, hata kama sehemu nyingine unaigawana na bodaboda na meza za wafanyabiashara.

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anaanza nayo, ingawa kwa maoni yangu si ya kuamulia. Baiskeli ya kaka ilikuwa milioni mbili na laki mbili. Mimi baiskeli nilikuwa nayo. Seti ya mota ilinigharimu laki nne na nusu, betri laki sita, fundi na vitu vidogovidogo laki moja na nusu. Jumla milioni moja na laki mbili. Ukitazama hivyo, kugeuza kumeshinda. Lakini tazama tena: nusu ya fedha yangu ni betri. Mota, waya, kontrola (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), kioo cha kuonyesha chaji, hivyo vyote kwa pamoja havifikii betri. Ndiyo maana mtu akiniambia amepata seti kamili na betri yake kwa laki tano, moyo wangu unashtuka kabla ya kufurahi. Mota ya bei rahisi itakuharibikia tu. Betri ya bei rahisi inaweza kukuunguzia nyumba.

Hapo ndipo nilipojifunza kutumia mzani. Betri ya volti 36 hujengwa kwa seli ndogo za duara, kumi zikifuatana, kisha makundi hayo ya kumi-kumi yanawekwa sambamba ili kuongeza ujazo, ambao hupimwa kwa ampea-saa. Seli moja ya kawaida ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na zilizo bora kabisa katika umbo hilo hubeba kama ampea-saa 3.5. Yangu ni ya ampea-saa 10.4, yaani seli 40 za ampea-saa 2.6. Seli peke yake zinakaribia kilo mbili, bado hujaweka kasha, waya na ile bodi ya kulinda seli. Sasa muuzaji mmoja alinionyesha betri yenye lebo ya ampea-saa 20, ndogo, nzuri, ya kung'aa. Nikamwomba tuvuke barabara kwa muuza nyama. Mzani ukasoma kilo mbili na kidogo. Betri ya kweli ya ampea-saa 20 ingehitaji seli 60 kwa uchache, na hizo bila kasha ni karibu kilo tatu. Sikubishana naye, nilimrudishia na kumshukuru. Lebo unaweza kuchapisha unavyotaka, uzito huchapishi.

Kipimo cha pili ni mita ya fundi umeme. Betri ya volti 36 ikijaa kabisa inasoma volti 42. Ya volti 48 inasoma 54.6. Ukiambiwa imejaa na mita inasoma 39, uliza. Halafu ivute: panda mlima mfupi nayo, upime tena papo hapo. Ikiporomoka sana wakati wa kuvuta na kupanda tena ukisimama, ndani mna seli zilizochoka.

Kaka hakuhangaika na haya yote. Alisaini risiti akaondoka. Na hilo ni jambo kubwa, sitaki kulidharau. Baiskeli ya dukani yenye jina linaloeleweka huwa imepimwa ikiwa kitu kimoja, betri na chaja na mota vikijuana. Miji iliyoungua imeshajifunza hili. New York, tangu Septemba 2023, haikubali kuuzwa baiskeli ya umeme ambayo mfumo wake haujapimwa kwa kiwango cha usalama kinachoitwa UL 2849. London, tangu tarehe 31 Machi 2025, huingii na baiskeli ya umeme isiyokunjika kwenye treni za mamlaka ya usafiri ya jiji, kwa hofu ya moto wa betri, na zilizogeuzwa mitaani ndizo zilizonyooshewa kidole zaidi. Mimi niliyegeuza nimezisoma habari hizo kwa makini, na nimezichukulia kwa uzito. Betri yangu inachajiwa mchana au jioni nikiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango tunaopitia, kwa chaja iliyokuja nayo. Nikitoka juani naiacha ipoe kwanza. Usiku haichajiwi.

Sasa nije kwenye baiskeli yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanarukia mota kabla ya kutazama wanachotaka kuitilia.

Nilipompelekea mzee yule baiskeli, nilimwamkia, akaitikia, kisha hakuiuliza mota hata kidogo. Aliipindua, akazungusha magurudumu, akabinya breki, akagonga foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa spana na kusikiliza.

"Mwanangu," akasema, "kwenda itakwenda. Wewe nionyeshe itakavyosimama."

Ikabidi breki ya mbele iwekwe mpya, raba na waya, na ile ya nyuma, ya ukanda unaobana ngoma kama zilivyo baiskeli nyingi za Kijapani, ifunguliwe, isafishwe na kubadilishwa ukanda. Hilo lilifanyika kabla hata seti haijatolewa kwenye mfuko. Baiskeli uliyozoea kuipeleka kilomita 12 kwa saa sasa itakwenda 25, na itabeba kilo saba au nane zaidi. Kama breki zako zinapiga kelele tu bila kushika, fedha ya kwanza iende huko.

Jambo la pili alilolitazama ni ukubwa wa gurudumu, na hapa nawaomba mnaotaka kuagiza seti msikilize. Baiskeli yangu imeandikwa inchi 26. Seti, ambayo mota yake huja ikiwa imesukwa katikati ya gurudumu la mbele, ilikuwa imeandikwa inchi 26. Ukiziweka pamoja hazilingani. Inchi 26 ya baiskeli ya milimani, ile ya tairi nene, ringi yake ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokalia. Inchi 26 ya Kijapani, ile ya tairi jembamba iliyoandikwa 26 × 1 3/8, ni milimita 590. Ukiweka ringi ya seti kwenye foki ya Kijapani, raba za breki zinabaki hewani, zaidi ya sentimita moja juu ya ringi. Mzee alilijua hilo kwa macho. Akaing'oa mota kwenye ringi yake, akatafuta njiti za urefu unaofaa, akaisuka upya kwenye ringi yangu ya zamani. Kama una Phoenix ya breki za vyuma, ile ya inchi 28 ya mzee wako, shida ni kubwa zaidi: ringi yake ni ya milimita 635, seti za ukubwa huo sijaziona sokoni, na mikono ya breki inayokuja na seti, ile inayokata umeme ukibinya, haina pa kuunganishwa. Inawezekana, lakini ni kazi ya kusuka na kuchomelea, na fundi wa kuifanya vizuri si kila kona.

Kisha foki. Ekseli ya mota ina pande mbili bapa, upana wa milimita 10, na tundu la foki yangu lilikuwa la milimita 8 hivi. Mzee alikaa kwenye kigoda chake na tupa, anapiga mara chache, anajaribu ekseli, anapiga tena, mpaka ikaingia kwa kubana bila kuchezacheza. Foki ni ya chuma, ndiyo maana alikubali. Ya aluminiamu aliniambia wazi asingeigusa, kwani aluminiamu haikunjiki ikakuonya, inapasuka. Mota inaposukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inataka kuzunguka kinyume chake, na kinachoizuia ni zile pande mbili bapa tu. Zikiteleza, ekseli inazunguka, inakata waya, na gurudumu la mbele linaweza kutoka ukiwa mwendoni. Kwa hiyo akachukua spana namba 10, akaikata katikati, kichwa akakivalisha kwenye ekseli na mkia akaubana kwenye mguu wa foki kwa vibano viwili vya chuma. Kila nikijaza upepo naishika ile spana kwa mkono kuhakikisha haichezi. Ukiona baiskeli imegeuzwa na haina kitu cha namna hiyo kwenye ekseli, usiipande, hata kama ni ya rafiki yako.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Dar na Zanzibar tunakutana nayo bila kuitafuta. Kwenye mafungu ya mtumba wa Japani mara nyingine hutokea baiskeli ambayo tayari ni ya umeme. Wajapani wamekuwa nazo tangu mwaka 1993, Yamaha walipotoa ya kwanza inayosaidia mguu, na ni imara kuliko nyingi ninazoziona zikiuzwa mpya. Bei yake inakuwa ndogo kwa sababu huja bila betri, au na betri iliyokufa, na chaja haipo. Mtu anadhani ameokota. Lakini betri zake zina umbo lake na volti zake, kama 25 hivi, na zinazungumza na mota kwa namna yake, hivyo huwezi kuchomeka yoyote. Na ukibahatika kupata chaja yenyewe, itazame kabla ya kuichomeka ukutani: nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa Japani wa volti 100, na wetu ni 230. Kama inauzwa na betri hai pamoja na chaja iliyoandikwa 100 hadi 240, chukua bila kusita. Bila hivyo, inunue kwa ajili ya fremu na taa tu.

Tukirudi kwa kaka. Kazi yake ni kupeleka vifurushi kwa wateja, na kuna siku nyuma anafunga mzigo wa kilo 40. Baiskeli yake ina breki za diski za mafuta mbele na nyuma, tairi pana, na keria iliyochomelewa kwenye fremu yenyewe. Kushuka Kimara na mzigo ule kwa baiskeli yangu nisingethubutu, na nisingemruhusu yeye pia. Kwa kazi ya namna hiyo sioni la kujadili, fremu na breki zilizotengenezwa tangu mwanzo kubeba uzito zina haki ya bei yake.

Lakini masika yaliyopita kioo chake kilizima katikati ya mvua. Bila kioo baiskeli ile haiwaki, ndivyo ilivyoundwa. Duka alilonunulia walikuwa waungwana, hawakubisha waranti, ila kipuri hakikuwepo na kilikuwa kinasubiriwa kuja na kontena. Plagi yake ni ya aina yao pekee, ya fundi mwingine haiingii. Kaka akawa anatembelea baiskeli yangu asubuhi na mimi narudi kwenye daladala na mwendokasi, kwa wiki kadhaa. Mteja wa vifurushi hasubiri kontena. Wengine hawakurudi.

Miezi michache baadaye kontrola yangu nayo ilikufa, pengine kwa maji yaleyale. Nilipeleka kwa mzee asubuhi. Kontrola ya volti 36 isiyo na jina, yenye waya tatu nene za mota na plagi za kawaida, ilipatikana Kariakoo kwa elfu sitini, na jioni niliupanda mlima. Safari hii aliziba kila plagi kwa grisi na kuigeuza kontrola ili waya zitokee kwa chini, maji yasipate pa kufuata. Hapa ndipo msimamo wangu ulipo: baiskeli ambayo kila kipuri chake kinapatikana mtaani ina thamani ambayo haiandikwi kwenye boksi. Tairi, tyubu, njiti, raba za breki, sasa hata kontrola. Kabla ya kununua ya dukani, usiulize tu waranti ni ya muda gani. Muulize muuzaji akuonyeshe kioo cha akiba na kontrola ya akiba, pale kwenye rafu, siku hiyohiyo.

Kuhusu umbali na gharama ya umeme, hesabu ni rahisi na inakaribia kuwa sawa kwa wote wawili. Volti 36 mara ampea-saa 10.4 ni kama wati-saa 374. Nikiwa nakanyaga pedeli na mota inanisaidia, natumia wati-saa nane hadi kumi kwa kilomita, hivyo nakwenda na kurudi na chaji inabaki. Nikifanya uvivu, nikaiacha mota ifanye yote, matumizi yanapanda hadi 15 na zaidi, na betri inaniaga mahali fulani Baruti, pale pabaya kuliko pote. Kuijaza kunakula chini ya nusu uniti. Kwa LUKU ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni kama shilingi 160. Hakuna nauli ya bei hiyo Dar es Salaam. Ila usisahau kwamba betri inazeeka. Baada ya kujazwa mara 500 hivi seli za kawaida huwa zimepungua uwezo, na siku ya kununua nyingine inakuja. Mimi natenga kidogo kila mwezi. Na hapo tena, betri yangu nitabadilisha na yoyote nzuri ya volti 36, wakati ya kaka lazima itoke kwa waliomuuzia, maana kasha lake limo ndani ya bomba la fremu.

Maji ya Jangwani ni habari nyingine. Mvua ya kawaida haisumbui ya kwangu wala ya kwake. Lakini bonde likijaa, usiivushe baiskeli ya umeme kwenye maji yanayofika katikati ya gurudumu, hata ukiona wenzako wa bodaboda wanapita. Maji yakiingia kwenye mota hayaonekani, yanakaa humo yakila sumaku na beringi taratibu. Siku hizo tunapanda mwendokasi kama unatembea, kama hautembei tunalala kwa shangazi Magomeni.

Juzi jirani yetu, muuguzi, alikuja kuniuliza. Anataka baiskeli ya kwenda zamu, nyingine za usiku. Hana baiskeli kabisa, hamjui fundi yeyote, na hana muda wa kuzungukazunguka madukani na mita. Ukimsikiliza kwa haraka ungemwambia anunue mpya, na mimi ndivyo nilivyoanza kumwambia. Kisha nikamuuliza hospitali iko wapi. Akasema Sinza. Hapo si mbali, mzigo wake ni mkoba tu, na fedha aliyonayo ni laki tisa. Kwa laki tisa, mpya atakayopata ni ile yenye betri ya lebo. Nikamshauri atafute kwanza mtumba mzuri wa chuma, aupande hivyohivyo mwezi mmoja aone kama anaupenda na kama barabara ya Sinza inampa amani usiku, huku akiongeza akiba ya betri. Baiskeli ikimkataa, atakuwa ametumia laki moja na nusu, na ataiuza kesho yake. Ikimkubali, mzee wa Manzese yupo. Alitaka kujua kama fundi atamdharau kwa kuwa ni mwanamke asiyejua spana. Nikamwambia ajiandae tu kwa swali la breki. Jumamosi nafunga meza mapema, tunakwenda pamoja kutazama mafungu yaliyoshushwa wiki hii.